Mradi wa kupima nyumba kabla ya AC: sasa tunaanzia darini

Fomu yangu ya kupimia nyumba imebadilika tena. Sasa inaanza na paa. Ukubwa wa sakafu unafuata baadaye.

Kwa wageni wa mradi huu: hapa Tanga fundi wa AC akiitwa, mara nyingi husimama mlangoni, hutupa jicho, kisha hutamka, "Hiki elfu kumi na mbili." Yaani AC yenye uwezo wa kuondoa BTU 12,000 za joto kwa saa, takribani kilowati 3.5. Hajauliza kama kuna dari, dirisha linatazama wapi, wala wanalala wangapi. Uingereza mashine za aina hiyohiyo hutumika kuingiza joto ndani, na mpimaji hupita chumba kwa chumba akihesabu joto linalotoroka ukutani, dirishani na kwenye paa siku ya baridi kali, ndipo achague mashine. Nimechukua hesabu yao nikaigeuza ihesabu joto linaloingia.

Nyumba ya safari hii iko Makorora: tofali za saruji, bati, dari ya jipsamu. Chumba ni mita 4 kwa 3.5. Nilipenyeza kipimajoto juu ya dari saa tisa alasiri, kikasoma nyuzi 50. Chumbani tunataka 26, kwa hiyo tofauti ni 24. Jipsamu tupu ya milimita 9 hupitisha kama wati 2.6 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja. Ukizidisha kwa mita za mraba 14 unapata karibu wati 870, sawa na BTU 3,000 hivi, zinazoshuka kutoka juu peke yake. Jua la dirishani na watu bado hujawagusa. Ukitandaza pamba ya kioo ya sentimita 5 juu ya jipsamu, zile 870 zinabaki 200 na kidogo.

Mama mwenye nyumba alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mwanangu, LUKU yangu inapoza bati?"

Kwa sehemu, ndiyo mama.

Kuhusu unyevu bado nabishana na rafiki yangu fundi, anayeamini kubwa ndiyo bora. Kupoza haraka itapoza, sikatai. Ila AC kubwa mno isiyo ya inveta, yaani isiyoweza kupunguza kasi yake, hufikia nyuzi ulizoiwekea upesi, kompresa ikazima kabla hewa haijapita vya kutosha kwenye koili, yale mabomba ya baridi ndani ya AC, na kuacha maji yake. Unalala kwenye baridi na shuka mbichi. Kaskazi ikivuma ndiyo utajua. Dirisha likiwa la luva ni balaa zaidi, maana halizibi vizuri na hewa ya bahari inaingia usiku kucha. Luva nazo zimepata mstari wake kwenye fomu.

Nyumba za kale za mawe na chokaa nimeziweka kando. Ukuta mnene hutunza joto la mchana na kuliachia usiku, na jedwali langu halijui kuhesabu hilo.

Kinachofuata ni kupaka bati la Makorora rangi nyeupe na kurudia kipimo cha saa tisa, kabla mama hajanunua chochote. Bado ana hamu na ile ya 12,000. Jirani anayo.