Korodani ya pili siisubiri: ninavyokagua dume siku anayozaliwa

Dume akizaliwa na korodani moja tu mfukoni, ushauri unaoniudhi mpaka leo ni huu: "Mwache, ya pili itashuka akikua." Kwa ndama, mbuzi na kondoo, kuisubiri ni kupoteza muda, kwani safari ya korodani kushuka ilipaswa kuisha tumboni mwa mama.

Korodani huumbika karibu na figo. Kwa ng'ombe, tezi changa huanza kuwa korodani yapata siku ya 40 ya mimba, kwa amri ya jeni ya SRY iliyo kwenye kromosomu Y. Homoni moja huyeyusha mirija ambayo ingekuwa kizazi cha jike. Testosteroni, homoni ya kiume, hutunza mirija itakayopitisha mbegu. Kisha kamba nene iitwayo gubernakulamu huvimba, hupanua njia ya kinena na kuziongoza korodani chini. Ndama humaliza safari hiyo kufikia mwezi wa nne hivi wa mimba, kondoo karibu siku ya 80. Nguruwe huchelewa hadi robo ya mwisho ya mimba. Farasi tu ndiye ninayempa nafasi, kwa sababu korodani zake huweza kufika hata wiki mbili baada ya kuzaliwa.

Basi nakagua siku ileile, na kazi yote iko vidoleni. Kwanza napasha mikono joto: mkono wa baridi huushtua msuli wa korodani, nao huzivuta juu ukadhani hazipo. Mtoto asimame kwa miguu yote minne, ashikwe na mwenzangu. Mimi nakaa nyuma, nazungushia shingo ya mfuko wa korodani kidole gumba na cha shahada, juu kabisa penye tumbo, kisha nateremsha taratibu kama anayekamua. Natafuta mbili zenye umbo la yai, zinazoteleza, zinazolingana. Mafuta hudanganya wengi. Ila hubonyea, na kingo hayana. Nikikosa moja, napapasa kinena upande huo, na kesho yake narudia akiwa ametulia.

Akibaki na moja, simwachi awe dume la mbegu, hata awe na mwili mzuri kiasi gani. Iliyobaki ndani haitoi mbegu kwa sababu ya joto la tumbo, lakini testosteroni inaendelea kutoka, na ile iliyoshuka inatungisha mimba kama kawaida. Hapo ndipo hatari ilipo: anazaa, na kasoro inarithiwa. Wapo wanaoshauri sindano ya homoni. Hata ikishuka, jeni ni zilezile.

Anayehasi kwa pete ya mpira ahesabu mbili chini ya mpira kabla hajauachia. Moja ikiponyoka juu, utakuwa na "maksai" anayepanda majike.

Kwa wafugaji wa mbuzi kuna jambo jingine: beberu asiye na pembe nampa majike wenye pembe tu. Wazazi wote wasipokuwa na pembe, baadhi ya watoto wa kike kwa kromosomu hukuza viungo vya kiume tumboni, na huzaliwa tasa.