Ua la nyanya
Leo asubuhi nimeteremka matatu pale Tudor na moyo mzito. Ni wiki ya pili tangu tumzike nyanya. Kwenye seng'enge ya kiwanja kitupu, katikati ya magugu, nikaliona ua lake: rangi ya chungwa lililoiva, petali 5, na katikati shimo jeusi tititi kama jicho lililopakwa wanja. Nimesimama hapo mpaka makanga akadhani nimesahau kitu garini.

Nyanya alikuwa akisema, "Mjukuu wangu, hili halimwagiliwi na mtu, na bado linakuchekea." Jina hakulijua. Wataalamu huliita Thunbergia alata. Alata ni "lenye mabawa", kwa vile vikonyo vya majani yake vina mabawa membamba. Asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Kule Marekani kuna ua jingine, la manjano, Rudbeckia hirta, nembo ya jimbo la Maryland tangu 1918. Si ndugu, ila kwa Kiingereza yote mawili huitwa jina moja: Susan mwenye macho meusi.

Nimelipiga picha, sikulichuma. Nyuki mdogo alikuwa akitoka shimoni, mgongo umejaa chavua.