Asilimia 6 Niliyokuja Nayo Saarbrücken

Leo ni siku ya nne tangu nifike Saarbrücken, mji wa Ujerumani ulio jirani na mpaka wa Ufaransa, na ndiyo kwanza napata utulivu wa kuandika. Nimekuja kwa juma moja katika shule ya kiangazi ya utafiti wa kompyuta, ambayo Chuo Kikuu cha Cornell na kile cha Maryland huiandaa pamoja na taasisi za Max Planck kwa ajili ya wanafunzi ambao bado hawajaanza uzamivu. Kilichonileta ni mifumo ya programu: mifumo endeshi, hifadhidata, na kompyuta nyingi zinazofanya kazi kana kwamba ni moja.

Nilikuja na mradi wangu wa mwaka wa mwisho, programu inayohifadhi majibu ya hifadhidata ili swali likirudiwa lisitafutiwe jibu upya, na nilijivunia kwamba inaizidi kasi ile ya zamani kwa asilimia 6. Juzi wakati wa chakula cha jioni nilimweleza mwalimu mmoja. Hakuuliza nimeijengaje, aliuliza nimejuaje. Nikamjibu kwamba niliendesha kila programu mara kumi na kuchukua wastani, nikidhani hapo nimemaliza. Ndipo aliponisimulia utafiti wa Mytkowicz na wenzake wa mwaka 2009, ambao ulionyesha kwamba hata ukubwa wa vigeu vya mazingira, yaani yale maneno ambayo mfumo endeshi huikabidhi kila programu inapoanza, jina la mtumiaji likiwamo, unaweza kusogeza mahali data zinapokaa kwenye kumbukumbu na hivyo kubadilisha kasi, ingawa programu yenyewe haikuguswa hata herufi moja. Mpangilio wa kuunganisha vipande vya programu nao una athari kama hiyo.

Nilirudi chumbani nikiwa nusu ninaamini. Nikatunga kigeu kisicho na maana yoyote, nikakijaza herufi «a», kwanza chache, kisha mamia, na kila mara nikazipima upya programu zote mbili. Asilimia 6 ikawa 2. Nilipoongeza herufi tena, programu ya zamani ikaipita yangu. Nilikaa kitandani nikiitazama skrini kama mtu aliyekuta mzani wa duka lake umepinda miaka yote, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwauzia watu. Sikuwa nimedanganya, nilikuwa nimepima katika mazingira mamoja tu, na mazingira hayo yalinipendelea. Usiku ule niliandika amri za kuziendesha programu zote mbili katika mazingira mengi yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na asubuhi matokeo yao yalikuwa yamelaliana kiasi kwamba sikuweza kusema ipi ni ya haraka.

Nilipompelekea mwalimu habari hizo, alifurahi kuliko mimi. Akauliza: katika data zako, ni maswali mangapi yanayorudiwa? Sikuwahi kuyahesabu.

Mhadhara wa jana ulihusu ujumbe unaopotea njiani, na kwa mara ya kwanza nilihisi niko nyumbani. Aliyetuma ombi na asipate jibu hawezi kujua kama ni ombi lililopotea au ni jibu lake. Nilimkumbuka mama mdogo wangu, kule Tanga, anayetuma pesa kwa simu mtandao ukiwa dhaifu: ujumbe wa kuthibitisha haufiki, anatuma tena, halafu anabaki kuomba arudishiwe ile ya pili. Dawa ni kulipatia kila ombi namba yake, na seva, yaani kompyuta inayopokea maombi, izikumbuke namba ilizokwisha kuzihudumia, ili ombi likirudiwa irudishe jibu lile lile la kwanza badala ya kulipa tena. Ugumu, ambao mhadhara ulitumia muda mwingi kuueleza, ni kuamua seva izikumbuke namba hizo kwa muda gani, na nini kitatokea ikizimika kabla ya kuziandika kwenye diski. Niliandika kurasa sita.

Mengine ni madogo. Mkate wao ni mgumu lakini nimeuzoea. Jua linazama karibu na saa tatu usiku, kwa hiyo Magharibi naiswali wakati ambao nyumbani watu wameshamaliza Isha.

Kesho kila mmoja ataeleza kazi yake mbele ya wenzake. Nimelifuta lile grafu la asilimia 6 na mahali pake nimeweka jedwali la maswali yanayorudiwa, ambalo bado lina nafasi tupu nyingi. Nimeanza pia barua pepe kwa msimamizi wangu: «Shikamoo, Mwalimu. Naomba tuiangalie upya sura ya nne ya ripoti yangu, kwa sababu kile kipimo hakisimami.» Sijaituma bado. Nataka kwanza nimalize kuhesabu.