Nakala 500 chini ya kitanda: jinsi nilivyozitoa

Nilichapisha riwaya yangu kwa pesa ya kikoba, nakala 500, zikaishia chini ya kitanda. Duka moja la vitabu lilichukua 20 kwa mali kauli, yaani nilipwe zikishauzwa, likazibana nyuma ya vitabu vya darasa la saba. Miezi minne, zimetoka tatu. Moja alinunua shemeji.

Kosa langu lilikuwa kumngoja msomaji dukani. Watu wa Dar wanasoma, tena sana, ila kwenye simu, wakiwa wamesimama kwenye foleni ya mwendokasi. Magazeti ya Kiswahili yalilijua hili zamani: hadithi inakatwa patamu, "itaendelea", na mtu ananunua gazeti kwa ajili ya ukurasa ule tu.

Basi nikaikata riwaya vipande vya maneno kama 800, nikawa natuma kwenye kundi la WhatsApp kila Jumanne na Ijumaa, saa mbili usiku. Sura sita bure. Ya sita niliikatia pale Mwajuma anaposikia ufunguo ukizunguka kwenye kitasa, na mumewe yuko Tunduma.

Simu haikulala. "We dada, umetuua! Nani huyo mlangoni?"

Nikawajibu: kitabu kizima 10,000, lipa kwa M-Pesa, wa mikoani napakia kwenye basi, nauli ya mzigo juu yako. Kuna aliyenakili sura zote sita akazisambaza bila jina langu. Nilinuna siku mbili, kisha nikaanza kuweka namba yangu katikati ya kila kipande. Hao wezi wakaniletea wateja.

Chini ya kitanda zimebaki 41. Kwingine nimeweka viatu.