Mkate wa Mafalda na Wale Walio Ndani

Kila asubuhi ninapomkatia mkate, bibi huuangalia kwanza, kisha husema yaleyale: "Huu si mkate, mwanangu." Ana miaka themanini na minne. Nimeajiriwa kumtunza huku Bologna, Italia, mwaka wa nne sasa. Namwogesha, nampikia, namsomea gazeti. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na duka la mikate Palermo, kisiwani Sisilia, kichochoro cha nyuma ya soko la Ballarò, na mkate anaoujua yeye ni mafalda, ule unaokunjwakunjwa kama nyoka na kunyunyiziwa ufuta hadi usione ganda. Oktoba 2024 mwanawe aliponipa likizo ya wiki moja, bibi akanituma: nifike mtaani kwake, nione duka limekuwa nini, nimletee mafalda. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu sebuleni: "Uliza kama bado wanalipa."

Nilielewa, maana alishanisimulia. Januari 15, 1993 redio ilitangaza kwamba Totò Riina, mkuu wa Cosa Nostra, yaani mafia ya Sisilia, aliyekuwa akitafutwa kwa zaidi ya miaka ishirini, ametiwa mbaroni palepale Palermo, ndani ya gari, asubuhi, kama mtu anayekwenda kazini. Bibi anakumbuka mumewe alivyosimama na koleo la tanuri mkononi mpaka mikate ikaungua. Walidhani yamekwisha. Mwisho wa mwezi kijana wa genge, yule wa kutoza wenye maduka fedha ya kila mwezi, akaja vilevile, akasalimia kwa adabu vilevile, akataka zaidi ya mwezi uliopita. "Ni kwa ajili ya walio ndani," alisema. Mume wa bibi akatoa. Mwaka 1995 wakauza duka, wakamfuata mtoto wao Bologna.

Walio ndani. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonipandisha ndege, kuliko hata mkate.

Uwanja wa ndege wa Palermo uko Punta Raisi, umebanwa kati ya mlima na bahari, na umepewa majina ya mahakimu wawili waliouawa na genge hilo, Falcone na Borsellino. Basi la kuingia mjini hupita Capaci. Nilikuwa nimechagua kiti cha dirishani kusudi. Minara imesimama kando ya barabara, imeandikwa tarehe Mei 23, 1992 na majina matano: Giovanni Falcone, mkewe Francesca Morvillo ambaye naye alikuwa hakimu, na walinzi wao Vito Schifani, Rocco Dicillo na Antonio Montinaro. Karibu kilo 500 za vilipuzi zilikuwa zimesukumwa ndani ya mtaro chini ya lami. Juu mlimani, walikojificha wauaji wakisubiri msafara, kuna kijumba cheupe kilichoandikwa NO MAFIA kwa herufi unazozisoma ukiwa barabarani. Basi halisimami. Niliyasoma majina yote matano kwa sauti, na mama aliyekaa pembeni yangu akafanya ishara ya msalaba.

Kwenye nyumba ya wageni, kijana wa mapokezi alifungua pasipoti yangu akakwama. Mahali pa kuzaliwa: Mafia. Nimeshalizoea swali hilo huku Italia, na halijawahi kunifurahisha, kwa sababu kisiwa chetu ni cha watu wapole, cha minazi na papa potwe, na jina lake halina uhusiano wowote na mambo haya. Nilimwonyesha ramani, nikamwonyesha Kilindoni. Akaniomba radhi, akasema hata wao wanachoka kuulizwa.

Lakini usiku ule nilipolala, shamba la babu ndilo lililonijia. Kwetu mtoto hufundishwa mapema tofauti ya mnazi na mgomba. Mnazi ukikatwa kilele, umekufa. Unaweza kubaki umesimama mwaka mzima, lakini ni gogo. Mgomba ukiukata, umeupa nafasi: pembeni machipukizi yalikuwa yanangoja mwanga. Asubuhi ile ya 1993, mume wa bibi na Italia nzima waliamini wameona mnazi ukikatwa.

Ballarò nilifika saa mbili asubuhi. Ukiwa Mswahili, Palermo haikuwi ngeni sana. Waarabu waliitawala Sisilia kwa zaidi ya karne mbili, na barabara kongwe kuliko zote mjini bado inaitwa Cassaro, ambayo ni kasri ileile yetu. Wauza samaki wanaita wateja kwa kuimba. Nilimpata jirani wa zamani wa bibi, mzee wa kiume anayeuza zeituni, akanipeleka mwenyewe hadi mlangoni. Duka la mikate sasa ni la kutengeneza simu, la kijana wa Kibangladeshi. Tanuri lilishabomolewa, palipokuwa na mdomo wake pana rafu ya makava ya simu.

Nilimwuliza kijana yule habari za biashara, nikazunguka weee, mwishowe nikauliza nilichotumwa. Alinyamaza. Akachukua kitambaa akafuta kioo cha simu ambacho kilikuwa safi. Sikumlaumu. Mzee wa zeituni ndiye aliyenieleza nje kwamba si mbali na hapo, Via Maqueda, mwaka 2016, wenye maduka wahamiaji, wengi wao Wabangladeshi, walikwenda polisi kutoa ushahidi dhidi ya waliokuwa wakiwatoza, na watu kumi wakakamatwa. Wageni waliokuja mikono mitupu ndio waliofanya jambo ambalo wenyeji wengi walikuwa wameshindwa kizazi baada ya kizazi. Nilisikia fahari, ingawa si jamaa zangu.

Kwenye milango ya maduka kadhaa niliona stika ya Addiopizzo. Hao ni vijana walioamka siku moja ya mwaka 2004 wakaujaza mji vikaratasi visemavyo kwamba taifa zima linalolipa pizzo ni taifa lisilo na heshima. Pizzo ndiyo ile fedha ya kila mwezi. Duka lenye stika limetangaza kwamba halitoi, na mteja anajua pesa yake haiishii kwa genge. Mkate wa bibi niliununua kwenye duka lenye stika, siku ya mwisho, ili usikauke.

Siku ya tatu nilikwenda Corleone. Ni kama kilomita 60 kutoka Palermo, na basi linachukua saa moja na nusu kwa jinsi njia inavyojipinda. Nilitarajia mji wa kutisha, nikakuta mji wa mawe, baridi, wazee kwenye mabenchi na harufu ya kahawa. Mji huu mdogo umetoa wakuu watatu mfululizo, na ukiwapanga wanafundisha kitu. Luciano Leggio alikamatwa Milano mwaka 1974. Kiti kikamwendea kijana wake, Riina, aliyekuwa mkatili kumzidi. Riina alipokamatwa, waliobaki wakiongozwa na shemeji yake, Leoluca Bagarella, walivusha mabomu hadi bara: Firenze Mei 1993, Milano na Roma Julai. Watu kumi walikufa katika Firenze na Milano peke yake. Septemba wakamuua padri Pino Puglisi mlangoni pake huko Brancaccio, mtaa wa Palermo, siku aliyotimiza miaka 56. Kwa hiyo miezi ile iliyofuata kukamatwa kwa bosi ilikuwa ya damu, si ya amani. Bagarella alipokamatwa naye mwaka 1995, uongozi ukamwangukia Bernardo Provenzano, naye akaamuru kimya: hakuna mabomu, hakuna mahakimu kuuawa, biashara iende chini kwa chini. Machipukizi matatu, na kila moja na tabia yake.

Kituo cha kumbukumbu cha mji, kinachoitwa CIDMA, kina chumba kilichojaa majalada ya ile kesi kubwa ya Palermo dhidi ya mafia ya 1986 na 1987. Rafu zinapanda hadi darini. Binti aliyetuongoza alizaliwa baada ya Riina kukamatwa. Nilimwuliza kwa nini 1993 haikutosha. Akasema jambo ambalo limenikaa: baada ya kumkamata, nyumba aliyokuwa akiishi Riina na familia yake haikupekuliwa kwa siku 18. Polisi walipoingia, ilikuwa tupu, kuta zimepakwa rangi upya. Karatasi, kama zilikuwepo, zilikwenda.

Linganisha na Provenzano, alisema, na hapo akachangamka. Alikuwa mtoro kwa miaka 43. Aprili 11, 2006 walimfikia kwa kufuata furushi la nguo zilizofuliwa kutoka kwa familia yake, likawapeleka kwenye zizi la kondoo nje kidogo ya mji huuhuu. Ndani kulikuwa na Biblia, taipureta, na pizzini, vile vikaratasi alivyoviandika kutoa amri, watu wakitajwa kwa namba. Safari hii karatasi zilibaki mikononi mwa polisi. Mwaka uliofuata, Novemba, akakamatwa Salvatore Lo Piccolo, mmoja wa waliokuwa wakijiandaa kurithi, naye akakutwa na orodha ya amri kumi za kundi na hesabu za nani analipa kiasi gani. Mikono yangu ilisisimka. Daftari la hesabu! Pengine kizazi kilichotangulia kulikuwa na mstari ndani ya daftari kama lile wenye jina la mume wa bibi.

Nilichojifunza kwenye chumba kile ni kwamba kundi hili limejengwa likijua litakamatwa. Mkuu wa eneo akienda jela, anawekwa kaimu, ambaye jina lake ni hilohilo, kaimu, kwa sababu mwenye kiti bado yuko hai. Kuna mfuko wa pamoja wa kulipa mawakili na kulisha wake na watoto wa wafungwa. Mfungwa ambaye familia yake inakula hana haraka ya kusema. Anayetelekezwa ndiye hutubu na kuwataja wenzake. Ndiyo maana kila wimbi la kukamatwa ni gharama kwa genge, na gharama hiyo humshukia mwenye duka. Kijana wa adabu aliyemwambia mume wa bibi "ni kwa ajili ya walio ndani" hakuwa anadanganya.

Na kiti chenyewe? Riina alikaa gerezani miaka 24 chini ya kifungo kikali cha kutengwa, na kwa kanuni zao aliendelea kuhesabiwa mkuu. Baraza lao kuu halikukaa. Alikufa Novemba 17, 2017. Mei 29, 2018 wakakutana kulifufua. Desemba mwaka huo polisi wakawakamata 46, akiwemo sonara wa miaka 80, Settimo Mineo, aliyechaguliwa kuongoza. Kwa hiyo siwezi kusema kukamata hakusaidii kitu. Kumkamata bosi na kumweka hai gerezani kuliwafungia mlango wa kikao chao kwa robo karne. Wamedhoofika kweli, biashara ya kokeini Ulaya leo iko zaidi mikononi mwa 'Ndrangheta, genge la Calabria, kuliko mwao. Nyumba ya Provenzano imetaifishwa na imejaa picha za kuchora za waliopigana na genge. Nilisimama ndani yake. Nilitamani bibi angekuwepo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Campobello di Mazara, magharibi kabisa, ambako Matteo Messina Denaro, bosi mwingine wa Cosa Nostra, aliishi siku zake za mwisho za utoro. Naye alitafutwa miaka 30. Walimkamata Januari 16, 2023 mlangoni mwa kliniki Palermo, alikokuwa akitibiwa saratani kwa jina la mtu mwingine. Watu waliokuwepo walipiga makofi. Septemba 25 mwaka huohuo akafa bila kusema alichokijua. Kinachotia uchungu ni kwamba alikuwa anaishi katikati ya mji, kilomita chache tu kutoka kwao Castelvetrano. Alinunua mahitaji yake dukani kama mtu yeyote.

Oktoba ni msimu wa kuchuma zeituni, na wachumaji wengi ni Waafrika, hasa kutoka Senegali na Gambia, wanaolala kwenye vibanda vya maturubai. Nilikaa nao jioni moja, wakanikaribisha wali. Nikawauliza kama kukamatwa kwa bosi kumebadilisha chochote. Mmoja, mtu mzima mwenye viganja vilivyopasuka, alicheka kidogo kwa uchovu. Alisema yeye hakumjua bosi huyo, anamjua mnyapara anayewachukua asubuhi, anayekata nauli ya gari kwenye ujira wao, na mnyapara ni yuleyule. Bei ya kreti ni ileile. Nililia usiku ule, sioni aibu kusema.

Bibi alikula mafalda siku mbili mfululizo, akiokota ufuta mezani kwa ncha ya kidole. Nilimwambia kuhusu stika na kuhusu Via Maqueda. Habari za kijana aliyenyamaza nilimwambia pia, kwa sababu alitaka ukweli.

Februari 2025 nikamsomea gazetini: Palermo, Februari 11, zaidi ya watu 180 wametiwa mbaroni usiku mmoja, na wachunguzi wanasema wakubwa walio gerezani walikuwa wakiongoza mambo kwa simu ndogo zilizoingizwa kwa siri. Nikasoma maeneo yaliyotajwa: Santa Maria di Gesù, Pagliarelli, Tommaso Natale, Bagheria, Porta Nuova.

"Porta Nuova ndiyo sisi," alinikatiza. "Ballarò ni huko."

Akataka nirudie ile idadi. Nikarudia. Akawa anahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, kama alivyokuwa akihesabu unga.

"Na wake zao, na watoto," akasema. "Mwezi ujao yule kijana wa simu atapandishiwa."