Shingo si gogo: nilivyoitoa mishipa kwenye mifupa katika picha za CT

Kila niliyemuuliza namna ya kuiona mishipa ya shingo bila mifupa alinijibu vilevile: weka kizingiti, kinachong'aa kupita kiasi kifute. Ushauri huu unaudhi. Dawa ya ayodini ikishaingia, ateri husoma kama 300 hadi 400 kwa kipimo cha Hounsfield (kipimo cha mng'ao kwenye picha za CT), na mfupa wa ndani wa pingili husoma karibu hapo hapo. Ukifuta mfupa umefuta na ateri ya vetebra, ile inayopanda ndani ya matundu ya pingili kuanzia ya sita ya shingo.

Suluhisho ni kutoa: picha ya kabla ya dawa inatolewa kwenye ya baada, inabaki mishipa. Ila mgonjwa kameza mate katikati, kidevu kimeshuka. Mfupa ukihama milimita moja tu, ukingo mmoja huacha mstari mweupe na mwingine mweusi. Mweusi huo ukiiangukia karotidi, ateri kubwa ya shingo, inapopenya chini ya fuvu, utaapa mshipa umeziba.

Nikaambiwa basi niizungushe picha nzima hadi fuvu lilingane. Fuvu likakaa sawasawa, pingili za chini zikaenda upande, taya ndiyo kabisa! Kila mfupa una mwendo wake.

Ndipo nikaushika mfupa mmoja mmoja. Kwenye picha isiyo na dawa (hapo kizingiti kinafaa, ateri bado haijang'aa) nilichora fuvu, taya na kila pingili peke yake, nikaongeza unene kidogo pembeni, kisha nikaiachia Elastix, programu ya kulandanisha picha, ilandanishe ndani ya eneo hilo tu. Kusogeza na kuzungusha, basi. Usiiruhusu kunyoosha, itaivuta ateri na kuibana ili picha zifanane.

Pingili ya sita hadi fuvuni, ateri ya vetebra ikatokea nzima pande zote mbili. Nilimwita daktari wa radiolojia aje aone pale pale.

Programu ni ya bure. Nilinunua RAM (kumbukumbu ya kompyuta) tu, hela ya kawaida. Picha ya kwanza ipigwe kwa mionzi midogo, mfupa utaonekana tu. Na nje ya mifupa sitoi chochote, naiacha picha ya dawa ilivyo: kutoa huongeza chengachenga, na chokaa ya ukuta wa karotidi hucheza na mapigo ya moyo, haifuati mfupa wowote.