Siku Shangazi Alipokataa Maharage

Shangazi yangu wa Temeke hakuwa mtu wa kutupa chupa. Za jamu, za mayonesi, za siagi ya karanga, zote zilikaa juu ya kabati zikisubiri msimu. Mwaka huo nyanya zilishuka bei sana, akanunua tenga zima soko la Ilala, akaniita nikamsaidie kuzihifadhi kwenye chupa.

Tulianza na ukaguzi. Alipitisha kidole kwenye mdomo wa kila chupa; yenye pengo, hata dogo, ilirudi kuwekea chumvi. Vifuniko ndivyo vilivyomchosha. Kilichopinda, chenye kutu, au kilichochakaa ule mpira wa ndani, alikitupa bila huruma. Mimi naona alikuwa sahihi: kioo kizima kinarudi kazini, lakini kifuniko cha dukani kimetengenezwa kubana mara moja.

Nyanya zikapikwa, rojo lake likatiwa likiwa la moto, kwenye chupa za moto, maana kioo cha baridi kingepasuka. Kila chupa ya nusu lita ilipata kijiko kikubwa cha maji ya ndimu yaliyofungwa kiwandani, ambayo uchachu wake haubadilikibadiliki. Sufuriani alitandika kanga kuukuu chini, maji yakafunika chupa zote, zikachemka dakika 35. Huku pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Mdogo wake aliyekuwa Njombe, kule juu ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi hizo, alilazimika kuongeza muda.

Ndipo jirani akaingia na sufuria ya maharage. "Dada, nisaidie na haya, nimpelekee mwanangu bwenini."

Shangazi, ambaye hakuwahi kumnyima jirani kitu, alikataa. "Haya hayana uchachu, mdogo wangu. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa maji ya kuchemka. Ukizifungia humu pasipo hewa zinaota, zinatoa sumu, na sumu yenyewe huioni wala huinusi." Akamweleza kwamba maharage yanataka mtambo wa presha wa kazi hiyo, na chupa zake maalumu, hizi za jamu haziwezi.

Jirani alinuna, akaondoka. Nilimwonea huruma, ila leo nami nina watoto bwenini na ningekataa vilevile.

Asubuhi shangazi alibonyeza kila kifuniko katikati. Kimoja kilidunda, chupa hiyo tukaipikia mchana. Katika zilizobana, mbili alizipeleka mwenyewe kwa jirani, za mtoto wa bweni.